Mtoto wa Tisa Katika Jedwali

Jumatatu, 25 Oktoba 1954

Bwana Mkaguzi amenirudishia mswada. Kurasa thelathini na moja, na hakuna hata moja iliyosalimika na penseli yake. Lakini amefurahi! Mzungu huyu hafurahi ovyo. Anasema jarida la elimu la kwao Uingereza litaipokea makala hii, na yeye mwenyewe ataichukua mkononi. Anakwenda likizo Ijumaa tarehe 12 Novemba—treni ya jioni mpaka Dar es Salaam, halafu meli. Nina siku kumi na nane.

Kinakosekana kitu kimoja, anasema. Umri wa wale watoto tisa. Niende Lusu nikautafute.

Niiandike habari yenyewe hapa kwa utaratibu, maana kichwa changu siku hizi hakishiki kitu. Miaka sita mimi na Getruda tulifundisha Lusu. Mimi mwalimu mkuu, yeye wasichana na wadogo. Kanuni ni kwamba mtoto akikosa muhula mzima bila ruhusa, jina linafutwa. Mimi nilifuta. Getruda alirudisha. Watoto tisa kwa jumla, waliokaa nje muhula mmoja, miwili, mmoja wao mwaka mzima, kwa sababu ya kuchunga au ya mvua mbaya. Aliwapima kusoma kabla hawajaondoka, akawapima tena waliporudi, kwa kadi alizozikata mwenyewe. Hawakusahau! Ndiyo makala yote hiyo. Wakubwa wakiisoma wakakubali, kanuni italegezwa.

Tuliianza pamoja, yeye akiwa tayari mgonjwa, kitandani. Februari akafia hospitali ya Kitete. Miezi minane sasa. Jina lake litatangulia langu, hilo sitaki mtu anishauri.

Nimekula ugali na maziwa mgando. Peke yangu, kama kawaida.

Jumatano, 27 Oktoba

Nimepeleka kurasa za mwanzo kwa Shaban, karani wa taipu, mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora. Anakaa chumba chake cha mbele na mashine yake, anawaandikia watu barua za madai na hati za mirathi. Kiingereza hajui zaidi ya salamu, lakini anakichapa upesi kuliko mimi ninavyokisoma.

Akayapima makaratasi kwa mkono. Akaniuliza kesi gani hii ndefu hivi, nimemshitaki nani. Nikamwambia si kesi, ni utafiti. "Kwani umepotelewa na nini, mwalimu?" Nikacheka! Mara ya kwanza tangu Februari, nadhani. Halafu nikaona aibu njia nzima.

Jioni nimezipanga kadi za Getruda mezani. Herufi zake za duara, kila moja imekaa peke yake. Kadi ya tisa ndiyo anayoipenda Bwana Mkaguzi. Josepha, mwana wa Minza. Aliondoka darasa la pili, akakaa nje mwaka mzima wa 1952, akarudi anasoma vizuri kuliko alivyoondoka. Bwana Mkaguzi amepiga mstari mara mbili chini ya jina.

Mwaka aliorudi mimi nilikuwa huku Tabora kwenye kozi, miezi tisa. Kila kitu cha mwaka ule ni kazi ya Getruda.

Jumamosi, 30 Oktoba

Lori mpaka Nzega, juu ya magunia ya chumvi. Vumbi mpaka kwenye meno. Halafu kwa miguu. Mawingu yapo, mvua hakuna.

Nimefikia kwa Kornel katekista. Wote wananipa pole ya Getruda upya, kama kwamba amekufa jana. Ni desturi, najua. Lakini ilipofika pole ya ishirini nilitoka nikajifanya naangalia ng'ombe.

Jumatatu, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Baada ya ibada Kornel amenitolea kitabu cha ubatizo. Wanane nimewamaliza kabla ya chakula. Wa tisa: Josepha, alibatizwa Machi 1941. Basi ana miaka kumi na mitatu.

Nimemwona akitoka kanisani, na rafiki zake. Kadogo! Kumi na mitatu yule? Nikasema moyoni, shida za mwaka ule. Amenisalimia kwa adabu, shikamoo mwalimu, akashuka macho. Amefanya mtihani wa kuingia shule ya kati, bodingi ya wasichana huku Tabora. Mwalimu mpya anasema hakuna shaka atapita. Januari anaanza.

Jumanne, 2 Novemba

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Leo ni siku ya Marehemu Wote. Lusu, kama kwingine, kila nyumba inaleta karatasi yenye majina ya wafu wake. Yanatiwa kikapuni, Kornel anayasoma makaburini kwa sauti. Wasiojua kuandika wanaandikiwa. Zamani ilikuwa kazi yangu, na leo nimepewa tena—meza nje ya kanisa, wino, foleni ya kina mama. Niliandika tangu asubuhi. Wengine wana majina saba, wanane. Mzee mmoja alisahau jina la mtoto wake wa kwanza, akasimama pale mpaka likamjia.

Minza, mama yake Josepha, alingoja foleni iishe. Alingoja hata Kornel alipoondoka na kikapu na watu wakamfuata. Ndipo akaja, akapiga goti kunisalimia.

"Mwalimu, niandikie na mimi. Ila yangu usiitie kikapuni. Uende nayo Tabora, isomwe huko."

"Mbona mbali hivyo, Mama Josepha?"

"Niandikie tu, mwalimu."

Nikachovya kalamu. Nikamwuliza jina.

"Josepha."

Nikadhani ni bibi wa mtoto, wamerithishana. Nikauliza, Josepha mwana wa nani?

"Wangu," akasema. "Josepha wangu."

Sikuelewa. Nilimwambia, lakini nimemwona jana! Akatikisa kichwa, akakaa chini pale pale mavumbini, akanieleza bila kulia. Mwaka ule wa mvua mbaya alikwenda Kaliua kwa wifi yake, anayekaa karibu na reli. Alikwenda na wasichana wawili, Josepha na mdogo wake Apolinaria. Surua ikaingia. Josepha akafa, akazikwa huko huko. Mwaka uliofuata akarudi Lusu na mmoja. Waliouliza aliwaambia mdogo amebaki Kaliua kwa shangazi yake. Asubuhi ya shule ilipofika, akamfunga Apolinaria kitambaa cha dada yake kichwani, akampeleka.

Nikamwuliza kwa nini. Niliuliza kwa ukali, Mungu anisamehe.

Akasema nafasi ilikuwa ya Josepha. Nafasi za wasichana zilikwisha jaa, Apolinaria angengoja miaka miwili, mitatu, mpaka aolewe. "Na nikisema amekufa, wewe una ile kalamu yako nyekundu."

Halafu akasema jambo jingine, akitazama ardhi. "Tena, mwalimu, kila asubuhi jina lake linaitwa, na yuko mtu anaitika. Huwa napita na mtungi wangu saa ile."

Miaka miwili hajamwombea hadharani, kwa kumwogopa katekista. Anaona mtoto yuko gizani huko aliko kwa sababu yake. Ndiyo maana ya karatasi.

Nilimwuliza kama Getruda alijua. Alimfundisha Josepha miaka miwili, angekosaje kujua!

"Mama Mwalimu? Siku ya kwanza alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Halafu akafungua rejista akaita, Josepha. Mtoto hakuitika. Akaita tena."

Nimeandika jina kwenye karatasi. Iko ndani ya kitabu changu cha sala.

Jumatano, 3 Novemba

Nimempima mtoto, kwa idhini ya mama yake, chini ya paa la jikoni. Kadi zile zile za Getruda. Anasoma kama maji. Nikamwuliza nani alimfundisha kabla ya shule.

Dada. Kwa mkaa, kwenye mgongo wa ungo. Kila alipojifunza herufi darasani alikuja nayo nyumbani. Kaliua walikuwa wakiandika, mama akitaka kupepeta wanafuta. Hata alipougua dada aliendelea, alikuwa anamwandikia mgongoni kwa kidole na yeye anakisia neno.

Nikamwuliza nyumbani anaitwaje, Josepha au Apolinaria.

Akafikiri. "Mama haniiti jina. Ananiambia wewe, njoo."

Nikamwambia aende akacheze, na yeye akaenda kutwanga.

Ijumaa, 5 Novemba

Tabora. Mwili unauma wote kwa lori.

Nimemkasirikia marehemu. Siku mbili namgombeza njiani, namgombeza jikoni. Miezi tulikaa na kadi zile kitandani mwake, mimi naandika, yeye anasema! Ya tisa aliishika mara ngapi mkononi? Niliposema kwa furaha, huyu Josepha ndiye ushindi wetu, alinitazama akasema, mwandike kidogo tu. Mwandike kidogo tu! Nikadhani ni unyenyekevu wake. Nikamwandika ukurasa mzima.

Hakuniambia kwa sababu alinijua. Nimeitoa rejista ya zamani sandukuni nikahesabu mistari yangu myekundu. Majina kumi na manne. Sura zao sizikumbuki. Angeniambia, ningemfuta Josepha siku ile ile, kwa mstari ulionyooka, tena ningejisifu kwa kutopendelea. Ndivyo nilivyokuwa. Sijui kama nimebadilika au nimechoka tu.

Jumapili, 7 Novemba

Nimepeleka karatasi kanisani. Kabla ya kuitia nilichukua kalamu nikaongeza jina la Getruda juu. Karatasi moja, wawili.

Padre alisoma upesi upesi, yalikuwa mengi. Getruda. Josepha. Akaenda kwa mengine. Nililia, na waliokaa karibu nami wakadhani ni kwa mke wangu peke yake. Bibi mmoja alinipa leso yake.

Sasa nimebaki na makala.

Jumanne, 9 Novemba

Kwa Bwana Mkaguzi ofisini. Masanduku yake tayari yamefungwa, jina limepakwa rangi ubavuni. Alitoa chai.

Nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga kusema nataka kumwondoa mtoto wa tisa, hesabu zake hazijanitosheleza. Maneno machache tu. Yeye akanitangulia. Amekwisha mwandikia mkuu wa bodingi habari za Josepha. Amesema makala itasomwa kwa ajili yake, maana hao wanane wengine, sita walirudi vile vile tu, wawili walishuka kidogo. "Huyu ndiye anayegonga mlango," akasema.

Nikauliza—polepole—je, akiondolewa?

Akaweka kikombe. Kumwondoa mtu katika jedwali hakufanywi kimya, akasema, tayari wahariri wana muhtasari wenye watoto tisa. Lazima sababu iandikwe. Na yeye angetaka kuijua sababu hiyo, na mkuu wa bodingi pia. Kisha akanitazama.

"Una uhakika naye, Mwalimu Ambrosi?"

Nikasema ndiyo, bwana.

Ilitoka yenyewe! Mimi, Ambrosi, ambaye nilimchapa mtoto viboko vitatu kwa kusema amemaliza hesabu hajazimaliza.

Jumatano, 10 Novemba

Sikwenda popote. Mvua ya kwanza imenyesha, nusu saa, paa limevuja penye sanduku la kadi, nikalisogeza.

Nimeuandika ukurasa wa jedwali mara nne.

Mara ya kwanza nimemwacha kama alivyo. Ni uongo, na juu yake kuna jina la Getruda. Siku mtu akipita Kaliua na kuuliza, makala yote itaanguka, kanuni itabaki na watasema hawa Waafrika hata kuhesabu watoto hawajui. Wale wanane wa kweli wataanguka pamoja naye.

Mara ya pili nimemwondoa, nikaandika sababu ya kubuni. Uongo mwingine, mdogo, lakini wenye kuvuta maswali. Wakiuliza sana mtoto anafutwa, na Minza anaitwa barazani kwa mtemi.

Mara ya tatu nimeandika kweli. Niliandika bila kusimama! Kwamba mtoto ambaye hakuwahi kukanyaga darasa alifundishwa kusoma na dada yake mgonjwa, kwa mkaa na ungo, wakiwa ugenini, akaingia darasa la tatu akawapita wenzake. Hakuna jambo kubwa kuliko hilo katika kurasa zote thelathini na moja. Sisi walimu tunapima shule tu, na kumbe kazi nyingine inafanyika jikoni nasi hatuioni. Nilipomaliza nilisimama nikatembea chumbani. Halafu nikakaa. Nikautia ukurasa ule motoni, maana msichana yule ana miaka kumi na mmoja na Januari anaanza bodingi.

Mara ya nne niliandika namba tu, moja mpaka tisa, nikaacha mstari wa mwisho wazi.

Getruda angejua la kufanya. Kwa kweli alishalifanya. Lakini yeye aliita jina darasani, hakulipeleka Uingereza kwa meli.

Alhamisi, 11 Novemba

Minza amemtuma mtu wa Lusu aliyekuja sokoni na kuku. Anauliza kama imesomwa. Nikamwambia mwambie imesomwa, vizuri kabisa, kanisa lilijaa. Mtu yule hakuniuliza ni nini kilichosomwa. Watu wa kule wana adabu ya kunyamaza kuliko sisi wa mjini.

Nimempa sukari ampelekee.

Ijumaa, 12 Novemba

Saa tisa alasiri. Naandika haya kwenye benchi, barazani kwa Shaban. Treni ni jioni. Tarishi wa Bwana Mkaguzi alikwisha pita mara moja kuuliza kama tayari.

Shaban amemaliza kurasa zote isipokuwa mbili, ya kwanza na ya jedwali. Amezipanga, kaboni katikati, safi, hakuna hata doa. Nikamsifu. Akasema Ijumaa hachapi baada ya sala, ila amenihurumia kwa sababu naonekana kama mtu anayengoja hukumu.

Tukaanza na ya kwanza. Kichwa cha makala. Chini yake majina mawili. Nikamsomea: Getruda kwanza.

Akachapa "G" akasimama.

"Huyu si ndiye mama watoto, aliyefariki?"

Nikasema ndiye. Sikumsahihisha kwamba hatukujaliwa watoto.

"Basi kuna neno lao," akasema Shaban. "Waingereza wanaliweka mbele ya jina la mtu aliyekufa. Kwenye hati za mirathi naliandika kila siku. Niliweke?"

Nikasema usiliweke.

"Wasomaji watadhani yu hai, mwalimu."

Nikamwambia najua.

Alinitazama. Akachapa jina lote, herufi moja moja, taratibu, si kwa kasi yake ya siku zote. Lilipokamilika nililitazama kwa furaha, furaha kabisa! Getruda yuko juu ya karatasi, na mtu fulani Uingereza atalitamka jina lake, na huenda akamwandikia barua.

Ndipo nikamkumbuka Minza na mtungi wake, nikaja kukaa huku nje.

Tarishi anarudi, namwona kule mwisho wa barabara anasukuma baiskeli. Shaban ametia karatasi ya jedwali kwenye mashine. Amekwisha piga mistari, amekwisha andika namba. Ananiita ndani, anauliza mstari wa mwisho aandike nani.